Ncha za mmea wa buibui zinakauka: yatazame maji kabla ya kuulaumu mmea

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Arumeru, karibu na Usa River, na nyumbani tunatumia maji ya kisima kirefu. Mwaka jana nilinunua mmea wa buibui, ule wenye majani marefu ya kijani na mstari mweupe katikati, baada ya kuambiwa kwamba unasafisha hewa ya ndani. Mwanangu wa miaka mitano ana pumu, ndiyo maana niliuweka sebuleni. Ulianza vizuri, lakini sasa ncha za majani zote zinakauka na kuwa za kahawia. Nimeongeza maji, nimeweka mbolea, nimeusogeza dirishani upate jua, na mwezi uliopita nilianza kuumwagilia maji ya kuchemsha yaliyopoa. Sioni nafuu. Juzi nilipochokonoa udongo nikakuta mizizi imevimba, minene kama vidole, nikaogopa. Je, ni ugonjwa? Nitupe na vitoto vyake visije vikaambukiza maua mengine? Na wifi yangu wa Nakuru anasema mmea huu ni mboga. Ni kweli?"

JIBU: Marahaba, mama. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana limebeba mambo mawili yenye uzito tofauti. La mmea tutalimaliza bila shida. La pili hukuliuliza waziwazi, ni la mwanao, nami nitalifikia kabla sijaweka kalamu chini.

Kwanza hofu ikutoke: usitupe kitu. Ugonjwa wa kuambukiza kwenye majani huwa unaanza popote, madoa huku na kule, mara nyingi yakiwa na duara la njano, na jani hili likaumwa huku la jirani likiwa zima. Wewe unaeleza majani yote kukauka kuanzia nchani. Hiyo ni dalili ya mmea unaopata kitu usichokiweza kupitia maji au udongo, na vitoto vyake havina cha kuambukiza mtu wala ua lingine.

Ile mizizi iliyokutisha ndiyo afya yake. Mmea wa buibui, au "spaida" kama wauza maua wengi wanavyouita, ni wa kwetu Afrika, kuanzia ukanda wa joto hadi kusini kabisa mwa bara. Carl Peter Thunberg, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden aliyezunguka kusini mwa Afrika, aliuingiza kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1794. Kwenye mazingira yake ya asili mvua hukatika, na mizizi ile minene ni ghala la maji la kuvukia kiangazi. Chokonoa tena udongo taratibu, ubonyeze mzizi mmoja kwa kucha. Ukiwa mweupe, mgumu, na ukitoa maji kama kihogo kichanga, mmea wako ni mzima. Ukiwa wa kahawia, unateleza na kunuka, hapo umeoza, na sababu kubwa ya kuoza ni kumwagilia kupita kiasi. Sasa unaona kwa nini kuongeza maji hakukusaidia: mmea wenye ghala lake hauhitaji kumwagiliwa kila siku.

Tuje kwenye ncha. Kata jani moja, uliinue kwenye mwanga wa dirisha. Utaona mishipa myembamba imelala sambamba kama nyuzi za mkeka, yote ikielekea nchani. Maji hupanda kutoka kwenye mizizi, yanapita kwenye mishipa hiyo, halafu yanatoka kwenye jani kama mvuke. Mvuke ni maji matupu. Chochote kilichokuwa kimeyeyuka ndani ya maji hakiruki nao, kinabaki. Unaujua ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai? Ndicho kinachotokea ndani ya jani, polepole, siku baada ya siku, na mahali pa kurundikana ni pale njia inapoishia. Ikifika kiwango ambacho chembe hai za jani haziwezi kustahimili, zinakufa. Kwanza ncha inakuwa ya njano iliyofifia, kisha kahawia, na mara nyingi utaona ukanda mwembamba wa njano kati ya sehemu iliyokufa na kijani kizima. Ukanda huo ndiyo mpaka wa madhara unaposogea.

Kati ya vitu vinavyorundikana hivyo, kimoja mmea huu haukipendi hata kidogo: floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba na kuyeyuka kwenye maji. Hauitumii wala hauna njia ya kuitoa. Hauko peke yake, maana jamii ya dracaena, ambamo yamo masale ya Wachaga, ina udhaifu huohuo ikipandwa kwenye chungu na kumwagiliwa maji yenye floraidi. Nawe, mama, unaishi chini ya Mlima Meru. Miamba ya volkano ya ukanda wenu ina floraidi nyingi, na kisima kirefu mara nyingi huleta maji yaliyokaa muda mrefu yakigusana na miamba hiyo. Hali ni hiyohiyo kwenye Bonde la Ufa, kuanzia kwenu, kwa wifi yako Nakuru, mpaka Ethiopia. Ili upate picha: Marekani, ambako miji mingi huongeza floraidi kwenye maji kwa makusudi ili kulinda meno, kiwango kinachopendekezwa ni miligramu 0.7 tu kwa lita, na bado wakulima wa maua kule hushauriwa wasiumwagilie mmea huu maji ya bomba. Visima vingi vya Arumeru vimepimwa vikakutwa na zaidi ya hapo kwa mbali.

Ila nisikuambie kwamba nimeiona floraidi kwa macho nikiwa huku. Ncha za kahawia zina zaidi ya sababu moja, na kwako naona huenda ziko mbili au tatu pamoja. Ukikuta utando mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu, hiyo ni chumvi, ya mbolea au ya maji yenyewe. Ukiona mabaka yaliyopauka upande ule tu unaotazama dirisha, hilo ni jua limeunguza, kwa hiyo urudishe mmea nyuma. Unataka mwanga wa kutosha usio wa jua la moja kwa moja, pale ambapo unaweza kusoma gazeti mchana bila kuwasha taa. Majani yakikunjana katikati na kupoteza rangi yake ya kung'aa, hiyo ni kiu. Lakini majani yote kuanzia nchani, kwa maji ya kisima cha Arumeru? Dau langu naliweka kwenye maji.

Maji ya kuchemsha yanawapotosha watu wengi, kwa hiyo nitayakalia kidogo. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa maji ya kunywa usiache kufanya hivyo. Lakini floraidi ni madini, haifi wala hairuki na mvuke. Ukiweka lita mbili jikoni zikachemka mpaka ikabaki moja na nusu, floraidi yote ya zile lita mbili sasa imo kwenye lita moja na nusu. Umeyakoleza bila kukusudia. Wengine huacha maji kwenye ndoo usiku kucha. Hiyo husaidia kupunguza klorini ya maji ya bomba, floraidi haiguswi. Kutumbukiza mkaa wa kawaida wa jikoni pia hakuitoi. Na mbolea uliyoongeza, hasa kama ni ya fosfeti kama TSP, inaweza kuwa imebeba floraidi yake yenyewe, maana hutengenezwa kutokana na miamba ya fosfeti ambayo kwa kawaida huwa nayo.

Dawa yake ni mvua. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba. Yakinge kutoka kwenye mabati masafi, ukiacha mvua ya mwanzo ioshe vumbi kwanza. Mmea mmoja kwenye chungu cha kadiri unatosheka na kama nusu lita kwa wiki, kwa hiyo dumu moja la lita 20 likifungwa vizuri lisiingie mbu litaufikisha karibu wiki 40. Masika moja inakutosha mwaka mzima wa mmea huu, na vuli ikija unaongeza. Kama sasa hivi mvua hakuna, nunua maji ya chupa na usome lebo. Nyingi zimeandikwa kiasi cha floraidi kwa lita, chagua yenye namba ndogo kuliko zote.

Kubadilisha maji peke yake kutachukua muda, kwa sababu udongo uliomo chunguni umeshashiba. Ningekuwa wewe ningeupanda upya. Utoe mmea wote, ukung'ute udongo wa zamani bila kuvunja mizizi minene, uuweke kwenye chungu kilichozidi kidogo tu kile cha mwanzo, chenye tundu chini. Chungu kikubwa mno hukaa na maji na huchelewesha vitoto. Changanya mboji iliyoiva, udongo mlaini na mchanga mnene au makapi ya makumbi ya nazi yaliyosuuzwa vizuri. Ukiweza, udongo usiwe ule wa miteremko ya Meru, nao una floraidi yake. Vile vipunje vyeupe vyepesi vinavyouzwa kwa jina la pelaiti viache kwa mmea huu, vinaweza kuwa nayo pia. Kijiko cha chai cha chokaa ya kilimo kwenye udongo wa chungu cha lita tatu kinasaidia, kwa sababu udongo ukipungua uchachu na ukiwa na kalsiamu, floraidi hushikwa isipande kwa wingi. Tafadhali iwe chokaa ya kilimo, usitumie ile ya kupakia ukuta. Mbolea iache miezi mitatu. Baadaye weka kidogo sana, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa miezi miwili.

Ncha zilizokwisha kukauka hazirudi kuwa kijani, hilo nikuambie mapema usije ukakata tamaa. Ukitaka kuzipunguza kwa ajili ya macho, tumia mkasi mkali, fuata umbo la jani lililochongoka, na uache uzi mwembamba wa kahawia. Ukikata ndani ya kijani, jeraha jipya litakauka na utakuwa umerudi ulikotoka. Kipimo chako kiwe majani machanga yanayochomoza katikati. Yatazame kwa wiki sita hadi nane. Yakirefuka na ncha ya kijani, umeshinda.

Na kama unataka kujihakikishia mwenyewe, tumia vile vitoto ulivyotaka kuvitupa. Kata viwili vilivyolingana, vyenye vijimizizi vifupi chini, vipande kwenye makopo mawili yanayofanana, udongo uleule, dirisha lilelile. Kimoja mpe maji ya mvua, cha pili maji ya kisima, na uandike alama kwenye kila kopo. Nimewafanyisha wateja wengi jaribio hili, na mama mmoja aliniletea makopo yake yote mawili ameyapakata kwenye kanga: kile cha mvua kilikuwa na majani ya kijani mpaka mwisho, cha kisima kilikuwa kama kimepitishwa juu ya mshumaa. Kwako vikikauka vyote viwili, basi nimekosea juu ya maji, tafuta sababu kwenye udongo, kiu au jua.

Kumwagilia kwenyewe ni rahisi. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha kwanza. Kukiwa kukavu, mwaga hadi maji yatoke chini, kisha umwage yaliyokusanyika kwenye sahani. Kukiwa na unyevu, subiri. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Arusha inapoingia, utasubiri zaidi.

Wifi yako hakudanganya, jina ndilo linalomchanganya. Kenya, wataalamu wa kilimo wakisema "spider plant" kwa Kiingereza wanamaanisha mgagani, mboga ile chungu kidogo ambayo Wakisii wanaiita chinsaga na Wajaluo dek. Mgagani ni mmea mwingine kabisa, jamii nyingine, majani yake yametawanyika kama vidole vya kiganja. Huu wa sebuleni haujulikani kuwa na sumu kwa mtoto wala kwa paka, lakini si mboga, usiupike.

Sasa hewa na pumu. Najua ulikopata habari hizo, na zina chanzo cha kweli. Miaka ya 1980 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliweka mimea ya ndani, huu ukiwemo, kwenye visanduku vilivyozibwa kabisa, wakaingiza kemikali kama formaldihaidi, wakaona zinapungua. Matokeo yalikuwa sahihi kwa kisanduku. Nyumba ina milango, madirisha na nyufa, hewa inaingia na kutoka saa zote. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel huko Marekani walizipitia tafiti za miongo kadhaa na kupiga hesabu: ili mimea ifanye kazi sawa na hewa inayopita yenyewe ndani ya jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1000 kwa kila mita moja ya mraba. Sebule ya mita 12 za mraba ingetaka mimea 120 kwa uchache. Upende mmea wako kwa uzuri wake, lakini usiuhesabu kama dawa ya mwanao hata siku moja. Tena udongo ulioloa kila wakati huota ukungu, na ukungu unaweza kumchokoza mwenye pumu, kwa hiyo hilo ni jambo jingine la kukufanya upunguze maji.

Kinachomsaidia ni dawa yake ya kuvuta aitumie kama daktari alivyopanga, hata siku anazojisikia vizuri kama ndivyo alivyoelekezwa. Jiko la mkaa na kuni vikae nje au mahali penye upepo, asiwepo anayevuta sigara ndani, na madirisha yafunguliwe. Ukiona mbavu zinabonyea anapovuta pumzi, hawezi kumaliza sentensi, au midomo inabadilika kuwa ya bluu, hiyo ni ya kwenda hospitali dakika hiyohiyo.

Na hapa ndipo lile jambo ambalo hukuliuliza. Maji yanayochoma ncha za mmea wako, je, ndiyo anayokunywa mtoto? Mmea ni mwepesi wa kuumia, unaweza kukauka kwa maji ambayo kwa binadamu hayana shida, kwa hiyo ncha za kahawia si ushahidi kwamba maji ni mabaya kwenu. Ni sababu ya kwenda kuyapima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita ya maji ya kunywa. Juu ya hapo, mtoto ambaye meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, yaani mpaka kama miaka minane hivi, yuko kwenye hatari ya kuota meno yenye mabaka meupe au ya kahawia. Wewe wa Arumeru umeshayaona meno hayo kwa majirani, pengine hata nyumbani. Mabaka yale yanaingia jino likiwa bado halijatoka, hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoyafuta. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi hufika hadi kwenye mifupa. Mwanao ana miaka mitano, kwa hiyo kuna meno mengi bado ya kuyaokoa.

Maji yakipimwa yakakutwa yamezidi kiwango, cha haraka ni mvua tena: iliyokingwa safi, ikachemshwa ili kuua vijidudu, iwe ya kunywa na kupikia uji wake. Kuna pia vichujio vya mkaa wa mifupa, mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kitaalamu, ambao hunasa floraidi kwa namna mkaa wa miti usivyoweza. Usijaribu kuuchoma mwenyewe. Hapo Arumeru kwenu, Ngurdoto, kuna kituo cha Wizara ya Maji kinachoshughulika na uondoaji wa floraidi, waulize wao. Kichujio nacho hushiba, kikishiba kinapitisha kila kitu, lazima kijulikane siku ya kubadilishwa. Na magadi unayotia kwenye maharage au makande, kwa mtoto yapunguze au uyaache, kwa kuwa magadi ya ukanda wetu mengi yana floraidi nyingi.

Nenda maabara ya maji ya mkoa, au muulize msimamizi wa kisima kama ana majibu ya vipimo. Ukienda mwenyewe, chukua chupa ya plastiki safi ya lita moja, isiwe ya kioo kwa sababu floraidi inaweza kuathiriana na kioo na kuharibu kipimo. Fungulia maji yatiririke dakika mbili tatu, isuuze chupa mara tatu kwa maji hayohayo, ijaze, ifunge, andika juu yake jina la kisima na tarehe. Waambie unataka kipimo cha floraidi, ulitaje neno hilo, maana kipimo cha vijidudu peke yake hakitaionyesha.